Damu, Malezi na Siasa ya Kijana



Katika ofisi na vyumba vya walimu husikika mara nyingi kauli kwamba kijana fulani ni wa ukoo wa uongozi, na mwenzake hana siasa katika damu. Kauli hiyo yafaa ipimwe, kwani anayeiamini huwagawa watoto wa wananchi katika mafungu mawili kabla hawajajaribiwa.

Sayansi haikatai kwamba damu ina sehemu yake. Mwaka 2008 James Fowler na wenzake wa Marekani walilinganisha pacha wa kufanana na pacha wasiofanana wa Los Angeles kwa kutazama kumbukumbu za upigaji kura. Walikadiria kwamba asilimia 53 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kwenda kupiga kura yatokana na urithi. Lakini hesabu hiyo haisemi kwamba nusu ya uraia wa mtu imo katika mbegu za wazazi wake. Yahusu tofauti baina ya watu ambao wote wamekwisha kufunguliwa mlango. Mlango ukifungwa, urithi hauna la kufanya.

Historia ya Tanganyika ni shahidi. Katika uchaguzi wa kura tatu wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Asiye na kimojawapo, hata angekuwa na hamu kubwa namna gani, alibaki nje. Mwaka 1965 watu wazima walichagua wabunge wao bila kuulizwa kipato wala shule. Katika miaka hiyo saba damu ya watu haikubadilika. Iliyobadilika ni sheria, na walioibadilisha ni wananchi waliojikusanya katika TANU.

Tena upo utafiti wa Peter Hatemi na wenzake wa mwaka 2009. Huo ulionyesha kwamba katika utoto na ujana, tofauti za mawazo ya siasa hutokana na malezi na mazingira, na alama ya urithi huanza kuonekana kijana akaribiapo miaka 20, aondokapo nyumbani. Basi miaka ambayo mwalimu anakaa na mtoto ndiyo ile ile ambayo mazingira yana nguvu zaidi.

Wazee wa Kyela walilijua jambo hilo bila maabara. Miongoni mwa Wanyakyusa wa zamani, mvulana wa miaka kama kumi alitoka kwa baba yake akajenga pamoja na marika wake kijiji chao wenyewe. Huko walijifunza kula pamoja, kusemezana na kuamua. Wakati ulipofika, wazee walikabidhi utawala kwa kizazi hicho. Uchifu ulikuwa wa kurithi, lakini wakuu wa vijiji walichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida. Uchifu ulifutwa baada ya Uhuru, lakini fundisho la rika lingali na manufaa.

Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, linatoa mfano mwingine. Vyungu vya Wakisi husafirishwa kwa mitumbwi hadi Matema. Mgeni aweza kudhani ufundi huo umo katika damu. Huenda mkono wa binti mmoja ni mwepesi kuliko wa mwenzake. Lakini hakuna binti aliyefinyanga chungu bila kukaa karibu na mama yake, kukanda udongo na kuvunja vingi kwanza.

Siasa nayo hufinyangwa hivyo. Mwalimu anayewaachia wanafunzi wachague viongozi wao na kuwadai hesabu ya shamba la shule anafundisha uraia. Sheria ya mwaka 1982 inampa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji anayeitisha mkutano huo kwa wakati, akamsikiliza kijana hadi mwisho, anafundisha uraia pia. Watoto hawafanani: mmoja ni msemaji, mwingine ni mtendaji mkimya, na wote wapewe kazi inayowafaa.

Lakini pale ambapo mikutano haiitishwi, na nafasi hupewa watoto wa wakubwa, kijana akinyamaza asisingiziwe damu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.