Iliad Inapofundishwa na Wanafunzi Wenyewe

Katika sikukuu ya Panathenaia, ambayo mjini Athens ilifanywa kwa fahari kubwa kila baada ya miaka minne, waghani wa mashairi ya Homer walibanwa na sharti moja: kila mmoja aanzie pale mwenzake alipoishia. Maandishi ya kale ya Kigiriki yanamtaja Hipparchus, mwana wa mtawala Peisistratos, kuwa ndiye aliyeliweka katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Mghani hakuruhusiwa kuchagua kipande kitamu na kuruka kilichobaki. Aliyefuata alilazimika kumsikiliza aliyetangulia kwa makini, maana kamba aliyoachiwa ndiyo aliyopaswa kuivuta.

Sharti hilo ndilo linalobeba hoja ya mhadhara huu. Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy, hufundishika vyema zaidi wanafunzi wanapogawiwa vipande vyake na kufundishana, mradi ugawaji ufanywe kwa namna ambayo hakuna anayeweza kukielewa kipande chake bila kumsikiliza mwenzake.

Ukubwa wa utenzi wenyewe unalazimisha ugawaji. Una mistari zaidi ya 15,600, na tangu kale umegawanywa katika vitabu 24, kimoja kwa kila herufi ya alfabeti ya Kigiriki. Kuusoma wote kwa sauti huchukua zaidi ya saa 15. Mhadhiri anayetaka kuupitisha wote kinywani mwake kwa wiki tatu hujikuta akiufupisha, na wanafunzi huondoka na muhtasari wa mhadhiri huku shairi likibaki rafuni. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyekua akisikia tenzi zikighaniwa, hasara hiyo haihitaji maelezo.

Mfano mzuri ni Eetion. Huyu ni mfalme wa mji wa Thebe, chini ya mlima Plakos, na msomaji mwenye haraka humpita bila kumwona. Mwanafunzi aliyepewa kitabu cha 1 hukutana na mji wake katika maneno machache tu: Achilles anamweleza mama yake kwamba waliuteka, wakagawana ngawira, na katika ngawira hiyo Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, akapewa Chryseis, msichana ambaye kwa ajili yake ugomvi wote kati yake na Achilles unaanza. Mwenye kitabu cha 6 anamkuta Andromache karibu na lango la Troy akimsihi mumewe, Hector, asirudi uwanjani. Anamkumbusha kwamba Achilles alimuua baba yake, ambaye ni Eetion huyo huyo, na ndugu zake saba wa kiume kwa siku moja. Mwenye kitabu cha 9 anawafuata wajumbe wanaokwenda kumbembeleza Achilles arudi vitani. Wanamkuta akijiliwaza kwa kinubi na kuimba sifa za mashujaa, na kinubi hicho alikitwaa katika mji wa Eetion.

Hayaishii hapo. Katika kitabu cha 16 yumo farasi Pedasos, aliyetekwa Thebe, ambaye anaweza kufa lakini anafungwa pamoja na farasi wawili wa Achilles wasiokufa. Katika kitabu cha 22 Andromache anaitupa chini shela yake anapoona maiti ya mumewe ikiburutwa, na shela hiyo alipewa na Aphrodite siku Hector alipomtoa nyumbani kwa Eetion. Katika kitabu cha 23, kwenye mashindano ya mazishi ya Patroclus, rafiki wa Achilles, linatolewa bonge la chuma ambalo Eetion alikuwa akilirusha enzi za uhai wake.

Vitabu sita, wanafunzi sita, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuuona mji huo wote akiwa peke yake. Mwenye kitabu cha 9 akiachiwa uwanja atawaambia wenzake kwamba Achilles alipenda muziki. Lakini mwenye kitabu cha 6 akinyoosha mkono na kuuliza kinubi kimetoka kwa nani, darasa zima linanyamaza kidogo, kisha linaanza kuzungumza kwa pamoja: shujaa anajiliwaza kwa ala aliyoipora katika mji wa baba wa mwanamke ambaye baadaye atamfanya mjane. Mhadhiri angeweza kulisema jambo hilo kwa dakika moja. Lingeandikwa daftarini, likasubiri mtihani, likasahaulika.

Mbinu ya kugawana somo kwa namna hii ina historia inayojulikana. Mwaka 1971, mjini Austin katika jimbo la Texas, shule zilikuwa zimeanza kuwaweka darasa moja watoto weupe, weusi na wa asili ya Mexico waliokuwa wametenganishwa, na uhasama ukazuka. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliwapanga watoto katika vikundi vidogo, kila mtoto akapewa sehemu ya somo ambayo wenzake wa kikundi hawakuwa nayo. Kabla ya kuifundisha, alikutana kwanza na watoto wa vikundi vingine waliopewa sehemu kama yake, wakaichambua pamoja. Mtoto aliyedharauliwa jana alikuwa leo ndiye pekee mwenye kitu ambacho wengine walikihitaji ili wafaulu. Anayegawa vitabu vya Iliad azingatie hatua hiyo ya katikati, kwa sababu ndiyo inayomwokoa mwanafunzi dhaifu asisimame mbele ya wenzake mikono mitupu.

Wapo watakaosema kwamba kufundishana ni njia ya mwalimu kukwepa kazi. Historia inawapa sababu ya kuwa na shaka. Shule aliyoianzisha Joseph Lancaster London mwaka 1798 iliwatumia wanafunzi wakubwa kuwafundisha mamia ya wadogo chini ya mwalimu mmoja. Gharama zilipungua sana, lakini viranja hao walipitisha tu walichokaririshwa. Njia hiyo haifai kwa Homer. Mwanafunzi anayesimama mbele ya wenzake na kuwasomea muhtasari alioupata kwenye intaneti hana tofauti na kiranja wa Lancaster, hata kama muhtasari wenyewe unaonekana ukutani kwa projekta.

Kosa hilo hujitokeza haraka kwenye suala la farasi wa mbao. Mwanafunzi aliyeandaa somo lake kwa filamu atawaahidi wenzake farasi huyo, kisigino cha Achilles na moto wa Troy. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotokea katika Iliad. Utenzi unashughulikia majuma machache ya mwaka wa 10 wa vita na unaishia kwenye mazishi ya Hector. Farasi anasimuliwa katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer. Anayefundisha kwa kufungua kitabu chenyewe hawezi kukosea hapo.

Kuna vipande ambavyo wanafunzi huvikimbia, na orodha ya merikebu katika kitabu cha 2 ndiyo ya kwanza. Ina vikosi 29 na merikebu 1,186, jina baada ya jina. Hata hivyo, mwanafunzi anayetakiwa kuifundisha, na hivyo hawezi kuiruka, ana nafasi ya kugundua siasa ya utenzi mzima. Agamemnon amekuja na merikebu 100. Nestor, mzee wa Pylos, ana 90, Diomedes ana 80, na Odysseus 12 tu. Achilles, mpiganaji anayewashinda wote, ana 50. Tarakimu hizo zikiandikwa ubaoni, ugomvi wa kitabu cha 1 unaeleweka upya: mwenye jeshi kubwa na mwenye mkono hodari ni watu wawili tofauti, na kila mmoja anaamini heshima ya kwanza ni yake. Kisha yupo Nireus, mzuri wa sura kuliko Wagiriki wote isipokuwa Achilles. Alikuja na merikebu tatu na hatajwi tena.

Nguvu hiyo ya kujua kwamba utafundisha imepimwa pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na John Nestojko na wenzake uliwapa watu makala wasome. Baadhi waliambiwa watatahiniwa, wengine wakaambiwa watamfundisha mtu mwingine. Mwishoni wote walitahiniwa tu, lakini waliotarajia kufundisha walikumbuka mengi zaidi na kwa mpangilio bora. Kutarajia tu kufundisha kulibadilisha namna yao ya kusoma.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa Homer unatoka Yugoslavia. Milman Parry wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda huko miaka ya 1930 kuwasikiliza waimbaji wa tenzi ili aelewe jinsi mashairi ya Homer yalivyotungwa. Mwaka 1935 alimwalika mwimbaji Mumin Vlahovljak aimbe utenzi ambao mwenzake, Avdo Međedović, hakuwahi kuusikia. Avdo, mkulima asiyejua kusoma, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaombwa auimbe yeye. Utenzi wa Mumin ulikuwa na mistari 2,294. Wa Avdo ulifikia 6,313, hadithi ikiwa ile ile, lakini wahusika wakiwa wamepewa mawazo, mavazi na huzuni. Ndivyo mtu anavyosikiliza anapojua kwamba zamu yake ya kusema yaweza kufika.

Mwalimu afanye nini wakati huo wote? Katika Chuo cha St. John's mjini Annapolis, ambako tangu mwaka 1937 wanafunzi husoma vitabu vikuu kwa mpangilio maalumu, wa mwaka wa kwanza huanza na Iliad. Semina hufunguliwa kwa swali moja la mwalimu, na mazungumzo yanayofuata ni ya wanafunzi. Kuandaa swali hilo ni kazi nzito kuliko kuandaa mhadhara.

Basi walimu wa fasihi, wa vyuo na wa shule, waanze na vitabu vitatu tu muhula ujao: cha 1, cha 6 na cha 24, ambamo mzee Priam, baba wa Hector, anambusu Achilles mikono iliyowaua wanawe. Kila kitabu kipewe wanafunzi wachache na kipindi kizima. Wasome angalau mistari 50 kwa sauti kabla ya kueleza lolote, na maswali ya kwanza yatoke kwa wenzao walioshika vitabu vingine. Mwalimu akae nyuma ya darasa, na Iliad yake iwe wazi mkononi.