Dawa za Unyogovu na Tembe za Usingizi: Uliza Kabla ya Kuchanganya

Leo nazungumza na akina mama, pamoja nanyi mnaotunza wagonjwa nyumbani, juu ya jambo linalofanyika usiku na mara nyingi kwa siri. Mtu anatumia dawa za unyogovu, usingizi haupatikani, naye anaongeza kitu kingine juu yake ili alale.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Unyogovu si uvivu, si kurogwa, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa na una matibabu. Humpata mama aliyejifungua, humpata mjane, humpata hata kijana wa shule. Dawa zinazotolewa sana katika vituo vyetu ni amitriptilini na fluoksetini, na wengine hupewa sertralini. Kukosa usingizi ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huu. Mgonjwa huamka saa tisa za usiku, mawazo yakamzunguka hadi jogoo awike. Anapoanza dawa hutarajia kulala usiku uo huo. Lakini dawa hizi huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita, kabla ya mtu kuhisi nafuu vizuri. Ni katika wiki hizo za kungoja ndipo watu hukimbilia dukani.

Kuna mama mmoja niliyemtembelea nyumbani kwake. Nitamwita Mama Neema, ingawa hilo si jina lake. Alikuwa akimeza amitriptilini kila usiku. Usingizi ulipochelewa, shemeji yake alimshauri anunue Piriton, ile dawa ya mafua na mwasho, ameze mbili. Kisha dada yake aliye Marekani akamtumia chupa ya melatonini, zile laini na tamu kama peremende. Akawa anameza vyote vitatu. Nilipofika, saa nne za asubuhi, alikuwa bado anapepesuka. Mdomo ulikuwa umekauka, hakuwa ameenda choo kwa siku nne, na mkojo ulitoka kwa shida. Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa kitandani kando yake. Nilipomuuliza anatumia dawa gani, alitaja moja tu. Zile nyingine, alisema, "si dawa, sista, ni za kulala tu."

Mama mwenzangu, kitu chenye nguvu ya kukulaza ni dawa, hata kama kimeuzwa bila karatasi ya daktari, hata kama chupa ina picha ya maua na neno "asilia". Mwili hauulizi kilinunuliwa wapi.

Hebu tuangalie kilichompata Mama Neema. Amitriptilini yenyewe huleta usingizi, na hukausha mdomo, hufunga choo na kuzuia mkojo. Piriton hufanya mambo hayo hayo. Ukizimeza pamoja, madhara yanajumlishwa. Kwa wazee ni hatari zaidi, kwa sababu huchanganyikiwa akili, wakaamka usiku kwenda choo, wakaanguka na kuvunjika nyonga. Mimi siipendi kabisa desturi hii ya kumeza dawa ya mafua ili kulala. Kumpa mtoto ili mama apumzike, hiyo siipendi zaidi.

Melatonini ni homoni ambayo ubongo hutengeneza giza linapoingia. Kwa mtu mzima anayetumia fluoksetini au sertralini, kiasi kidogo kwa kawaida hakileti hatari kubwa, ila kinaweza kuzidisha kusinzia. Kwa hiyo daktari wako anaweza kukubali uijaribu kwa muda mfupi. Lakini iko dawa nyingine ya unyogovu iitwayo fluvoksamini. Hiyo hulizuia ini lisiivunje melatonini, nayo ikajaa mwilini kupita kiasi. Hizo mbili zisikutane.

Tatizo lingine la melatonini ni chupa zenyewe. Watafiti nchini Kanada walichapisha mwaka wa 2017 matokeo ya kupima bidhaa 31. Iko iliyokuwa na melatonini pungufu kwa asilimia 83 kuliko ilivyoandikwa, na iko iliyozidi kwa asilimia 478. Bidhaa nane zilikutwa na serotonini ndani, ambayo haikuandikwa popote. Sasa wewe unayemeza dawa inayoongeza nguvu ya serotonini mwilini, utajuaje umeongeza nini?

Hapo ndipo tunafika kwenye mchanganyiko ninaouogopa kuliko yote. Serotonini ni kemikali inayobeba ujumbe katika ubongo, na dawa nyingi za unyogovu hufanya kazi kwa kuiongeza. Baadhi ya tembe zinazouzwa kwa ajili ya usingizi au "kutuliza mawazo" huiongeza pia. Soma karatasi ya chupa, au mpe mwanao anayejua kusoma Kiingereza akusomee. Ukiona 5-HTP, au triptofani, au mmea uitwao St John's wort, usimeze pamoja na dawa za unyogovu. Hata tramadoli, ile dawa ya maumivu, inaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Serotonini ikizidi, mtu huanza kutetemeka, kutokwa jasho jingi, kuharisha, moyo kwenda mbio, kukosa utulivu na kuchanganyikiwa. Misuli hukakamaa na joto la mwili hupanda. Mara nyingi hutokea saa chache tu baada ya kuongeza dawa, au katika siku hiyo. Usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali usiku huo huo na ubebe chupa zote. Tena fahamu kwamba fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya mtu kuiacha, hivyo kusema "niliacha juzi" hakukulindi.

Huo mmea wa St John's wort una jambo jingine linalotuhusu sana hapa kwetu. Hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi, na hudhoofisha baadhi ya dawa za ARV. Mama anaweza kupata mimba asiyoitarajia, au virusi vikaongezeka, na asijue sababu.

Chai ya kamomili kikombe kimoja kwa kawaida haina neno. Valerian huongeza kusinzia, basi uliza kwanza. Pombe, hapana.

Tufanye nini basi? Kabla ya kutafuta dawa ya pili, rudi kwa aliyekupa ya kwanza. Mwambie hulali, na umuulize kama saa unayomeza dawa ndiyo inayofaa. Fluoksetini huwachangamsha watu wengi, na ukiimeza usiku unaweza kukesha. Kwa kawaida humezwa asubuhi. Wengi niliowaona, shida yao iliishia hapo. Mama Neema naye alisindikizwa hadi kituo cha afya, afisa wa kliniki akamwondolea Piriton na melatonini, akambakizia amitriptilini peke yake, mapema kidogo jioni. Alichukua wiki tatu hivi kabla ya kulala hadi saa kumi za alfajiri, lakini alilala. Usiache dawa ya unyogovu ghafla kwa sababu hulali. Kuacha ghafla kwenyewe huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukesha.

Chai yetu ya majani nayo hufukuza usingizi, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe cha alasiri. Amka saa moja ile ile kila siku hata kama ulilala vibaya. Na baba watoto, au nyanya, ashike mtoto kwa zamu moja ya usiku. Hakuna tembe inayomlaza mama anayeamshwa kila saa.

Ikiwa unatumia dawa yoyote inayoleta usingizi, usilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Hutasikia ukimlalia. Mlaze karibu nawe, mahali pake mwenyewe. Unaponyonyesha, usiache kunyonyesha wala usiache dawa kwa uamuzi wako, bali mweleze mhudumu. Mtoto akisinzia kupita kawaida au akikataa titi, mlete siku hiyo hiyo.

Dawa zenyewe zifungieni. Tembe chache za amitriptilini zinaweza kusimamisha moyo wa mtoto mdogo, na melatonini tamu mtoto huiona peremende. Juu ya kabati hakutoshi, wanapanda viti.

Nanyi mnaotunza wagonjwa, sikilizeni maneno. Mgonjwa akisema amechoka kuishi, au heri angelala asiamke, huo si mzaha wala si mambo ya usingizi. Chukueni dawa zote mzishike nyinyi, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo.

Siku yako ya kliniki ikifika, chukua mfuko mmoja. Tia dawa ya hospitali, ya duka la dawa, ya mganga wa mitishamba, na ile iliyotumwa kutoka ng'ambo. Mwagia zote juu ya meza ya muuguzi. Hatutakugombeza, na akikugombeza mmoja, muombe mwingine.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya choo kigumu kwa watoto wadogo. Kwaheri kwa sasa.