Jerikeni Iwekwe Chini

Leo tuzungumze juu ya umeme usiotoka kwenye stima, lakini unaoweza kumchoma mtoto.

Ukivua sweta ya nailoni gizani, wakati mwingine husikia mlio mdogo na kuona cheche. Huo huitwa umeme tuli. Hutokana na vitu kusuguana. Petroli ikipita kwenye mpira pia husuguana na kubeba umeme huo. Cheche moja tu yatosha kuwasha mvuke wa petroli au gesi iliyovuja.

Ndiyo maana lori la mafuta au gesi likifika mahali pa kushusha, huunganishwa kwanza na waya wa athi kabla ya bomba kufunguliwa. Tangi kubwa la chuma nalo huunganishwa na ardhi. Hivyo umeme huteremka udongoni bila cheche.

Na sisi nyumbani je? Wengi hutuma watoto petroli ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mtoto hukaa juu ya boda boda, jerikeni ya plastiki mapajani, nayo hujazwa papo hapo. Umeme haupati njia ya kwenda ardhini. Mama, fanya hivi:

1. Usimtume mtoto. Aende mtu mzima.
2. Tumia chombo kilichotengenezewa petroli.
3. Kiwekwe chini, si juu ya pikipiki wala ndani ya gari. Mdomo wa bomba ukiguse wakati wote, na petroli iingie polepole.
4. Mtungi wa gesi ukiisha, badilisha kwa muuzaji mwenye leseni. Usikubali ujaziwe kwa mpira kibandani kutoka mtungi mwingine.

Tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka usiku katikati ya makazi ya watu huko Embakasi, Nairobi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Gesi iliyovuja haichagui nyumba.

Mtu akishika moto, alale chini abiringike. Kisha mwagia palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Usibandue nguo iliyogandamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, umkimbize hospitalini.

Mama, mwambie na jirani: kabla ya kujaza, jerikeni iwekwe chini.