Kuchagua Sikilidi Wanaopatana kwa Tangi Moja: Maji ya Meru na Samaki wa Maziwa Yetu



Mada hii inawahusu wafugaji wa samaki wa mapambo wa Arusha, Tengeru na Usa River, hasa wanaotaka kuchanganya aina kadhaa za sikilidi katika tangi moja la kioo. Sikilidi ni ukoo wa sato, perege na furu, na nchi chache sana duniani zimejaliwa ukoo huu kama Tanzania. Maziwa Tanganyika, Nyasa na Victoria yana mamia ya aina zisizopatikana kwingine. Pamoja na utajiri huo, wengi wetu huchagua kwa rangi, na baada ya wiki chache hubaki dume mmoja aliyenona na wenzake waliochanika mapezi. Ninashauri tuanze na maji, tufuate chakula, kisha eneo analolishika kila samaki. Rangi ije mwisho.

Meru ni mlima wa volkano, na waliokulia miteremkoni mwake wakapata meno ya kahawia wanaijua floraidi kwa karibu. Maji yaleyale mara nyingi yana bikaboneti nyingi ya sodiamu na kalsiamu kidogo, kwa hiyo pH yake huelekea juu. Kwa mfugaji wa samaki wa Tanganyika hiyo ni heri, kwa sababu pH ya ziwa lile ni karibu 9, na ya Nyasa ni karibu 8. Anayetamani diskasi wa mto Amazon, aliyezoea maji laini yenye asidi, atapambana na bomba lake kila wiki, nami simshauri aanze. Changarawe ya chokaa au vipande vya matumbawe ndani ya chujio havitasaidia sana upungufu wa kalsiamu, kwa sababu haviyeyuki kwa urahisi katika maji yenye pH kubwa. Maji ya chemchemi, ya kisima na ya bomba hutofautiana hata ndani ya kata moja, hivyo pima ya kwako kabla ya kununua samaki. Yenye klorini yatibiwe kwanza.

Maji yenye pH kubwa yana hatari yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyogeuka sumu. Uchafu ambao tangi lenye pH 7 lingeuvumilia unaweza kuua samaki katika tangi lenye pH 9. Tazameni sikilidi wadogo wa maji ya magadi kaskazini mwetu. Ziwa Natron lina aina tatu, Alcolapia alcalica, A. latilabris na A. ndalalani, na Ziwa Magadi la Kenya lina ndugu yao, A. grahami. Katika maji ya Magadi yenye pH ya karibu 10, A. grahami hawezi kutoa amonia kama samaki wengine. Huigeuza kuwa urea, kama tufanyavyo sisi binadamu. Samaki wa dukani hana uwezo huo. Kwa hiyo acha chujio lifanye kazi wiki kadhaa ili bakteria wake wakue, kisha ingiza samaki wachache wachache. Umeme ukikatika chujio husimama, hivyo usiwalishe. Hita nayo ni ya lazima: mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai maji hupoa chini sana ya nyuzi 24 wanazohitaji samaki hawa.

Sasa tuje kwenye kupatana kwenyewe. Tropheus wa Tanganyika hula mwani juu ya mawe. Akilishwa vyakula vya nyama pamoja na wengine, tumbo lake huvimba naye hufa. Frontosa wa ziwa hilohilo hukua hadi sentimita 30 hivi, na kwao ziwani huwawinda Cyprichromis kabla hakujapambazuka. Dukani utawakuta wote wawili wakiwa na urefu wa kidole, wamekaa kwa amani, lakini amani hiyo hudumu mpaka frontosa akue.

Kwa tangi la lita 300 ninapendekeza jamii ya Tanganyika inayogawana nafasi. Chini, juu ya mchanga, weka makombe matupu ya konokono na kundi la Neolamprologus multifasciatus, ambaye hafiki sentimita 5 na huishi na kuzaliana ndani ya kombe. Upande mmoja panga mawe kwa ajili ya jozi moja ya Julidochromis. Juu, kwenye maji ya wazi, weka kundi la Cyprichromis leptosoma, na tangi lifunikwe kwa sababu huruka. Kila mmoja ana ghorofa yake, na ugomvi hupungua.

Mbuna, sikilidi wa mawe wa Nyasa, wapewe tangi lao peke yao: mawe mengi, chakula cha mimea, dume mmoja kwa majike kadhaa. Furu wa Victoria wahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba majike wa furu huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka hawaioni vizuri, hivyo aina huchanganyika. Tangini nako aina huchanganyika: jike asiye na dume wa aina yake atazaa na jirani. Kwa kuwa furu wengi walitoweka ziwani baada ya sangara kuletwa, kila aina iliyobaki inastahili kutunzwa bila kuchanganywa; usiweke aina mbili zinazokaribiana pamoja.

Mwisho, ombi. Mto Themi humwaga maji yake Kikuletwa, na Kikuletwa huingia Nyumba ya Mungu hadi Pangani, bonde lenye perege wake wa asili, Oreochromis jipe na O. korogwe, ambao tayari wanasongwa na sato walioletwa. Samaki akikuzidi, mpe mfugaji mwenzako au mrudishe dukani. Usimwachie Themi, wala Ziwa Duluti.