Foleni ya Dirisha Moja

Wahitimu mnaotoka jasho ndani ya majoho tangu saa mbili asubuhi: sitawachelewesha.

Wazazi, wengi wenu mmewahi kufuatilia faili masijala. Kusoma barua yenyewe ni dakika tano. Siku nzima huishia kwenye kulitafuta: liko rafu gani, nani alilichukua, jina limeandikwa kwa herufi zipi. Hata kompyuta kubwa kuliko zote duniani zina masijala yao, na nyingi huumbukia huko.

Tangu 1993 kompyuta hizo hupangwa kwenye orodha ya Top500, ambayo hupima kasi ya kukokotoa. Ni kipimo kizuri, ila hesabu ikiisha, majibu lazima yaandikwe mahali, na hapo maelfu ya vichakataji hukaa vikisubiri diski. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, niliwahi kuandika programu iliyotema faili dogo kwa kila hatua ya hesabu, yote kwenye folda moja. Kulipokucha, hata kuorodhesha majina ya mafaili kulishindikana. Watu wote waliokuwa wakiutumia mtambo ule walilijua jina langu kabla ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2017, ilipotolewa orodha ya kwanza ya IO500 kule Denver, Marekani. Hii hupima hifadhi ya data na mfumo wa mafaili. Iliyoongoza mara ile ni Oakforest-PACS ya Japani, lakini kinachonivutia zaidi ni mtihani wenyewe. Una sehemu rahisi, ambapo mshindani huandika data kwa namna inayomfaa. Halafu unakuja ukorofi: vichakataji vyote viandike ndani ya faili moja, kwa vipande vya baiti 47,008. Kwa nini namba hiyo ya ajabu? Igawanyeni kwa 4,096, ukubwa uliozoeleka wa bloku ya data diskini, mtaona haigawanyiki. Kila kipande kinakanyaga mpaka wa jirani yake. Kisha masijala: mafaili ya baiti 3,901 kila moja, yote folda moja, yaundwe, yakaguliwe, yasomwe, yafutwe. Na kuandika kuendelee kwa sekunde 300 au zaidi, maana bila hivyo mjanja angejaza kumbukumbu ya muda akadai amefika diskini.

Alama zake ndizo zenye utamu. Kasi ya kubeba data inazidishwa kwa kasi ya masijala, kisha kinatafutwa kipeuo cha pili. Mwenye 100 upande mmoja na 4 upande wa pili, wastani wa kawaida ungempa 52. Hapa anapata 20. Mwenye 30 na 30 anabaki na 30 zake, na anampita. Laiti mitihani yetu ingesahihishwa hivyo, baadhi yenu msingekuwa hapa, na mimi nisingekuwa kwenye jukwaa hili.

Hata orodha hiyo imeonja ujanja wa binadamu. Mitambo ya majaribio na ile inayotumikia watafiti kila siku ilikuwa ikishindana uwanja mmoja, mpaka ikabidi itenganishwe. Kati ya hii ya kazi za kila siku, Aurora ya maabara ya Argonne, Marekani, ilishika nafasi ya kwanza mwaka 2023. Mfumo wake wa kuhifadhi, DAOS, hauna karani mkuu. Daftari la majina limegawanywa kwa seva nyingi, na anayetafuta faili anajua mwenyewe aende kwa nani.

Kwa hiyo mtakapoketi kwenye kamati ya manunuzi, na muuzaji akawaonyesha kasi ya mtambo wake kwa picha za rangi, mwombeni aunde mafaili madogo milioni moja ndani ya folda moja, mkiwa mmekaa hapo hapo mnatazama.

Vyeti vinatolewa jengo la utawala kuanzia saa tisa. Nimepita pale asubuhi: dirisha moja, karani mmoja. Hongereni sana, na anayeweza kuwahi, awahi.