USUKANI NI KAZI YA MIKONO MIWILI

(Maneno ya mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Dallas, Embu)



Najua mnacheka kwamba mtu wa reli amekuja kufundisha usukani. Ni kweli, dereva wa gari la moshi hana usukani. Gurudumu lake lina ukingo upande wa ndani na uso wake umechongwa kwa mteremko, hivyo reli yenyewe huliongoza. Lakini reli ya zamani iliishia Nanyuki. Embu na Meru haikufika. Mizigo ya huku huenda kwa barabara, na mimi nimeendesha lori la gengi la njia miaka kadhaa.

Basi, fikirini usukani kama uso wa saa. Mkono wa kushoto ushike penye 9, wa kulia penye 3. Nasema tarakimu zilizoandikwa, si saa zetu za Kiswahili, maana penye 9 sisi husema saa tatu na mtu akachanganyikiwa! Wazee walifundishwa 10 na 2. Siku hizi magari mengi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani. Ajali ikitokea hufumuka kwa kishindo, na mkono ulio juu huweza kuvunjika au kumpiga mwenyewe usoni.

Vidole gumba vilale juu ya ukingo, visifungwe kwa ndani. Gurudumu likigonga jiwe, usukani huweza kurudi kwa nguvu ukavunja kidole.

Ukikata kona ya kushoto, mkono wa kushoto upande juu, uvute chini. Wa kulia uteleze chini kisha usukume juu. Mikono isipishane. Usiuachie usukani ujirudie wenyewe, urudishe. Macho yatazame mwisho wa kona, si boneti. Tena sisi hubadili gia kwa mkono wa kushoto: gia ikiisha kuingia, mkono urudi kazini. Wengi huuacha pale kama umelala usingizi.

Barabara ya Meru mnaijua, inavyoteremka Thuci na Nithi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, wakafa watu zaidi ya 30. Mteremkoni usizime injini wala kuweka gia huru eti kuokoa mafuta. Injini ikizima, usukani huwa mzito sana na breki hupungukiwa nguvu. Ukichomoa ufunguo, magari mengi hufunga usukani kabisa. Tairi la mbele likipasuka, shika kwa mikono miwili, nyosha gari, usikanyage breki kwa ghafula. Acha mwendo upungue.

Sasa neno la chama. Asubuhi, injini ikinguruma, chezesha usukani kidogo huku tanboi akitazama magurudumu. Ukizunguka sana kabla magurudumu hayajatikisika, viungo vimekwisha. Mwenye gari atakuambia, "Peleka tu, fundi ataona kesho." Lakini gari likianguka ni wewe utakayeitwa mzembe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamika juu ya jambo la hatari. Kwa hiyo andika ubovu huo, tia tarehe na namba ya gari, mpe mwajiri karatasi moja, na nakala yake umletee karani wa tawi siku hiyo hiyo.