Baruti na Mtutu Wake: Mhadhara wa Umma, Nundu



Nimeombwa kuleta kemia mbele ya watu ambao wengi wao waliiacha shuleni. Nimechagua baruti. Katika teritwari ya Fizi, Kongo, kuanzia huku Nundu hadi Baraka na kupanda hadi Itombwe, mlio wake unajulikana kuliko tabia yake. Swali langu ni hili: mtu anayejaza risasi za bunduki kwa mkono wake mwenyewe anajuaje atumie baruti ipi, na kiasi gani? Jibu nalitoa mapema. Baruti peke yake haina kipimo. Kipimo ni cha baruti fulani, katika ganda fulani, nyuma ya risasi fulani, ndani ya mtutu fulani. Nacho hakikisiwi, hupimwa.

Baruti za aina mbili

Baruti nyeusi, ile ya gobori, ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki masizi na moshi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti ya namna nyingine, iliyotokana na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Hiyo hugeuka gesi karibu yote, na kwa uzito uleule nguvu yake hukaribia mara tatu ya baruti nyeusi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilipata bunduki ya Lebel iliyoundwa kwa ajili yake.

Lakini nguvu si jambo zima. Vieille alionyesha pia kwamba baruti yake huungua upesi zaidi kadiri shinikizo linavyopanda, na shinikizo nalo hupanda kwa sababu ya huko kuungua. Ndiyo maana mtengenezaji huutawala mwendo huo kwa ukubwa na umbo la chembe, na kwa dawa anayozipaka juu. Wapishi mnalijua jambo hili: vijiti hulipuka moto mara moja, gogo huchukua muda, ingawa vyote ni kuni za mti mmoja. Ganda kubwa lenye risasi nzito huhitaji baruti ya polepole, inayoendelea kuisukuma risasi inapopita mtutuni. Ukitia humo baruti ya haraka ya bastola, shinikizo hufika kilele kabla risasi haijasogea vya kutosha, na chuma ndicho kinachoachia. Na jicho halisaidii: baruti mbili zinaweza kufanana kwa rangi na umbo, zikatofautiana kabisa kwa mwendo.

Ziwa letu la Tanganyika ni shahidi

Mataifa yalitambua mapema kwamba baruti hazifanani. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kilichoweza kuruhusiwa ni gobori la gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Mkataba ulitenganisha bunduki kwa bunduki, na baruti kwa baruti.



Vita vya 1914 vilipofika, kampuni nyingi za askari wa Wajerumani ng'ambo ya ziwa zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za baruti nyeusi. Moshi wake uliwaonyesha adui mahali walipolala, na kamanda wao, Jenerali Lettow-Vorbeck, alilalamikia hilo katika kumbukumbu zake. Dawa haikuwa kumwaga baruti mpya katika bunduki zile kuukuu. Ilikuwa kupata bunduki nyingine, na nyingi walizipata kwa kumnyang'anya adui.

Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara, aliyeitwa Tatu na wenzake, alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba, katika Fizi hii yetu. Aliandika kwamba silaha zilizoletwa zilifika nusunusu: bunduki na risasi zisizo zake, mabomu ya kutega bila viwashio. Shehena zilijaa, lakini vitu havikuoana.

Kitabu cha vipimo

Penye ruhusa ya kujaza risasi, kama Marekani, mjazaji hufuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa risasi. Kila mstari humo unataja ganda, fataki, uzito wa risasi, jina kamili la baruti, kipimo cha kuanzia na kile kisichovukwa. Nyuma ya namba hizo kuna maabara. Katika karne ya 19, Mskoti Andrew Noble alipima shinikizo kwa kipande cha shaba kilichobonyezwa na gesi. Leo hutumika vihisio vya umeme. Mji wa Liège, Ubelgiji, ulioleta magobori mengi Afrika, una nyumba ya kujaribia mitutu tangu 1672. Mjazaji makini huanzia chini, hupanda kidogokidogo, na akibadili kitu kimoja huanza upya. Baruti iliyopoteza chupa yake yenye jina huitupa.

Kwetu

Huku, kazi hiyo haina mlango halali kwa raia asiye na kibali: sheria ya silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Mkataba wa Kinshasa wa 2010 wa kudhibiti silaha ndogo nao haukuishia kwenye bunduki. Unagusa risasi na vipande vya kuziundia.

Hatari iliyo karibu nasi ni nyingine. Ni baruti iliyotolewa katika risasi za vita na kumiminwa katika gobori la kienyeji. Mtutu wa bomba uliotosha kwa baruti nyeusi hauwezi kuzuia shinikizo la baruti ya Vieille. Unapopasuka, uso na mikono ya mwindaji viko hapohapo. Mtu anaweza kujitetea kwamba alitia kidogo. Kidogo cha baruti gani? Kipimo alichorithi kwa babu kilikuwa cha baruti nyingine.

Naziomba shule zetu za sekondari zifundishe somo hili kwenye kemia, bila aibu na bila ushabiki wa silaha. Nawaomba wenye bunduki za kienyeji wasikubali baruti isiyo na jina, hata ikitolewa na rafiki. Mtu akikutajia kipimo, mwulize ni cha baruti gani, cha bunduki gani, na nani alikipima. Likikosekana jibu moja, bunduki hiyo isijazwe.